Kisu cha Rambo hakifai shambani

Vijana wenzangu wa kilimo biashara, kila mara naulizwa: "Afisa, ninunue kisu gani cha kutembea nacho shambani?" Wengi mnakuwa mmeshakiona kile kikubwa cheusi, chenye meno ya msumeno mgongoni na mpini wenye uwazi ndani, kama cha Rambo kwenye filamu ya mwaka 1982. Mimi nawaambia wazi: achaneni nacho.

Nasema hivyo kwa sababu nilikuwa nacho. Nilipoanza kazi nilikinunua kwa mbwembwe. Siku nilipokitumia kung'olea chipukizi la mgomba, mpini ulilegea, kwa kuwa chuma kiliishia pale pale mwanzoni mwa mpini. Lakini hilo ni dogo.

Kubwa ni lile linaloniuma hadi leo. Nilikata mgomba kwa mkulima mmoja nimwonyeshe mnyauko bakteria, ule unaoitwa pia unyanjano. Utomvu wa njano ukatoka. Nikafuta kisu kwa jani, nikaenda kwa jirani yake kupunguza machipukizi. Baadaye na yule jirani migomba yake ikaanza kunyauka. Siwezi kuapa kwamba ni kisu changu, ila siwezi kuapa kwamba sicho. Ugonjwa huu hauna tiba, na zana chafu ni njia mojawapo kubwa ya kuusambaza. Uganda uliripotiwa mwaka 2001, na kwetu Kagera mwaka 2006.

Tangu siku hiyo kipimo changu cha kwanza ni kimoja: je, kisu kinaoshika chote? Meno ya msumeno yanashika utomvu. Kisu cha kukunja ndio kabisa, utomvu unaingia kwenye bawaba na huutoi. Kisu kisichokunja, chenye bapa laini, unakisafisha ndani ya dakika.

Sasa chuma. Kisu cha chuma cha kaboni, pamoja na vile wahunzi wetu wanavyofua kwa springi ya gari, kinanoleka upesi kwa jiwe na kinafaa sana kuchonga vigingi na egemeo za migomba. Ubaya wake ni kutu. Dawa ya klorini ya kufulia, sehemu moja kwa sehemu tano za maji, inaua bakteria lakini inakula chuma hicho. Ukikitumia, kisuuze, kikaushe, kipake mafuta kidogo. Chuma cha pua kinavumilia zaidi, ila nacho kisuuze. Wengine wanachoma kisu kwenye moto. Bakteria wanakufa kweli, lakini ukizidisha moto makali yanalainika na hayakai tena.

Kwa ukubwa, makali ya sentimita 10 hivi yanatosha. Morakniv Companion ya Uswidi iko hapo hapo, unaipata ya kaboni au ya pua, na ala yake ya plastiki inaoshika, tofauti na ya ngozi. Lakini chuma chake hakifiki mwisho wa mpini, kwa hiyo usiipige kwa nyundo wala kuchokolea mizizi. Kama unataka cha kupigapiga, mwambie mhunzi akutengenezee ambacho chuma kinapita mpaka mwisho wa mpini. Kazi nzito zaidi ya hapo mwachie panga.

Mimi leo nina viwili: cha pua kwa migomba, cha mhunzi kwa miti. Na ua dume silikati kwa kisu chochote, nalivunja kwa fimbo yenye panda.

Kabla hujalipa hela, kigeuze kisu mkononi. Ukiona sehemu ambayo kitambaa hakifiki, kirudishe mezani. Na mimi nikija shambani kwako, usione haya kuniuliza kama changu nimekiosha.