Risasi ya Kasi Hutaka Kichwa Kigumu

Askari aliyezoea bunduki ya kazi huweza kudhani kwamba kila risasi iingiayo katika mtutu yafaa kuwindia. Sivyo. Kichwa cha risasi ya vita hufunikwa gamba la madini hadi nchani, wala hakikuundwa kutanuka. Azimio la The Hague la mwaka 1899 ndilo lililokataza vitani vichwa vitanukavyo mwilini. Porini mambo ni kinyume: kichwa kisichotanuka mara nyingi humtoboa swala tundu jembamba, naye hukimbia mbali akafie kichakani kwa mateso. Kwa hiyo mwindaji wa swala hutumia kichwa chenye ncha laini, kifungukacho mfano wa uyoga.

Hata hivyo ulaini una mpaka wake, na mpaka huo huwekwa na kasi. Risasi za kale za .30-30 hutoka mtutuni kwa mita 700 hivi kwa sekunde, ilhali .300 Weatherby hupita mita 900. Kwa kasi hiyo, kichwa laini kikigonga bega la mnyama mkubwa kwa karibu hupasukia kwenye mfupa. Nyama huharibika, moyo haukuguswa, na majeruhi huingia msituni. John Nosler wa Marekani alipatwa na shida ya namna hiyo Kanada mwaka 1946. Kufikia mwaka 1948 alikuwa akiuza kichwa chenye ukuta wa shaba katikati: sehemu ya mbele hutanuka, ya nyuma hubaki nzima na kuzama ndani.

Basi kanuni ni hii: kadiri kasi izidivyo, ndivyo kichwa kiwe kigumu na kizito zaidi. Kwa swalapala, ncha laini ya kasi ya wastani yatosha. Kwa kuro na pofu, chagua kichwa chenye ukuta, au cha shaba tupu. Kwa nyati, .375 ya mwaka 1912 yenye kichwa cha gramu 19 ingali ikiaminiwa, ijapokuwa kasi yake si kubwa.

Karamoja yetu ina ushahidi wake. Mskoti W. D. M. Bell, aliyewinda huko mwanzoni mwa karne ya 20, aliua ndovu zaidi ya 1,000, wengi wao kwa bunduki ndogo ya milimita 7. Hakutegemea kasi, alitumia vichwa vigumu visivyotanuka, akalenga ubongo.

Akina mama nao wana neno lao hapa. Kichwa cha madini ya risasi kipasukapo hutawanya chembe zisizoonekana, nazo ni sumu, hasa kwa watoto na waja wazito. Kata na kutupa nyama pana kuzunguka jeraha. Kuosha pekee hakutoshi. Kichwa cha shaba tupu huondoa hatari hiyo ya risasi.

Mwisho, sheria. Uwindaji wa burudani ulipigwa marufuku Uganda mwaka 1979, ukarejeshwa kwa majaribio mwaka 2001 karibu na Ziwa Mburo. Leo huruhusiwa kwa kibali cha Mamlaka ya Wanyamapori tu. Bunduki ya kikosi ibaki ghalani: haikutolewa kwa kitoweo, na risasi zake hazikuundwa kwa kazi hiyo.