Wana Nandagala, tujenge ndogo tumalize

Ndugu zangu wa Nandagala, na majirani zetu wa Ruangwa mjini na Nachingwea, naomba tuzungumze habari ya mapagala.

Kila kijiji kinayo. Msimu mmoja korosho ilipanda bei, mtu akachora nyumba ya vyumba vinne, akapandisha kuta hadi usawa wa linta. Msimu uliofuata bei ikashuka. Leo mpapai umeota palipokusudiwa kuwa sebule, kuta zinaliwa na mvua, na mwenyewe bado analipa kodi ya chumba mjini. Hakuzifuja kwa anasa mtu yule. Fedha zake zimelala ukutani.

Wito wangu ni huu: tujenge ndogo, tumalize, tuhamie, ndipo tuongeze. Na tujenge kwa pamoja.

Jambo hili limeshafanyika nchini. Wakazi wa Kurasini, Dar es Salaam, walipotakiwa kupisha upanuzi wa bandari, wengi walikuwa wapangaji, wasio na fidia ya kutegemea. Baadhi yao wakaunganisha akiba za vikundi vyao vya kuweka na kukopa, wakanunua ekari 30 huko Chamazi. Michoro yao iliruhusu mtu kuanza na chumba kimoja na baraza, akaongeza vyumba kadiri mfuko unavyoruhusu. Tofali walifyatua wenyewe, wanawake kwa wanaume. Lakini Chamazi ilikuwa mbali na riziki waliyoizoea, na hilo liliwaumiza. Basi sisi tuchague eneo karibu na barabara, shule na soko.

Tuna mwanzo mzuri kuliko wao. Ardhi ipo, na ushirika tunaujua. Korosho na ufuta tunapeleka kwenye chama cha msingi, yaani AMCOS, na chama kikuu cha ushirika cha RUNALI kinasimamia mnada, wala hakuna anayeshangaa kuuza kwa pamoja. Mbona kwenye kujenga kila mtu anahangaika peke yake na fundi wake, lori lake la mchanga na deni lake la saruji? Kumi wakiagiza pamoja, lori huja limejaa na bei huzungumzika.

Tuangalie na tofali. Tanuru la kuchomea linakula magogo, na misitu yetu inarudi nyuma kila kiangazi. Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi umekuwa ukifundisha tofali za kufungamana: udongo uliochekechwa, saruji kidogo, mashine ya mkono ya kushindilia. Hazichomwi. Zinafunikwa na kumwagiliwa maji kwa siku 7 au zaidi, kisha zinapangwa zikishikana zenyewe, kwa hiyo mchanganyiko wa kuziunganishia unaotumika ni mdogo. Saruji nayo siku hizi inatengenezwa Mtwara.

Nyumba ndogo isiwe nyumba duni. Iwe na msingi imara, dirisha la kupitisha upepo, choo safi, na mfereji wa bati unaoingia kwenye tangi. Paa la mita za mraba 30, mvua ikinyesha milimita 20, linakusanya lita zipatazo 600. Na tukijenga pamoja, nyumba kumi zikizunguka uwanja mmoja, watoto wana pa kuchezea, na bibi aliye peke yake anasikika akiita.

Vijana, kazi ya kwanza ni yenu. Undeni kikundi, mwombe mkopo unaotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, mnunue mashine ya tofali, mfyatue na kuuza. Akina mama wa vikundi vya kuweka na kukopa vya VICOBA, fungueni mfuko wa nyumba, japo mdogo, na mchango uingie wakati wa malipo ya mnada, kabla fedha hazijatawanyika. Wazee wenye mashamba makubwa kandokando ya kijiji, kaeni na serikali ya kijiji eneo litengwe na kupimwa mapema. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inaruhusu hati ya hakimiliki ya kimila, kwa mtu mmoja na hata kwa kikundi. Asijenge mtu kabla mipaka haijajulikana.

Mkutano mkuu wa kijiji hukaa kila baada ya miezi 3. Ujao, naomba mmoja wetu anyooshe mkono, aombe ajenda hii iandikwe, na wenye nia waorodheshe majina hapohapo. Wakipatikana kumi tu, wanatosha kuanza.