Karata Sitini na Mizani Kumi na Sita

Mmezoea kupokea kutoka kwangu habari za vina, mizani na makosa ya sarufi. Leo naomba mnivumilie, maana nataka kuzungumza juu ya karata, na wale walionifahamu nikiwa darasani watashangaa kuliko wengine. Kwa zaidi ya miaka 30 ya ualimu wa sekondari niliwanyang'anya wanafunzi karata nikazifungia katika mtoto wa meza, na wapo ambao sikuwarudishia hadi leo. Niliamini kwamba karata ni kamari, na kwamba kamari ni mlango wa kila uvivu. Sasa nakuja mbele yenu kudai kwamba kuchagua karata za kuingia nazo mashindanoni ni kazi ya utunzi, tena ni kazi inayostahili kusemwa kwa Kiswahili.

Desemba iliyopita alikuja likizo mjukuu wangu, kijana wa miaka 15, ambaye wazazi wake wanaishi Columbus, Ohio. Kiswahili chake ni cha masikioni: husikia karibu yote, lakini akitaka kusema, hutoa maneno matatu, na la nne huliazima kwa Kiingereza. Siku mbili za mwanzo tulikaa barazani kama abiria wawili wanaosubiri basi moja. Siku ya tatu akafungua begi lake, akatoa sanduku, akauliza, "Babu, utacheza kadi?" Bibi yake alicheka kutoka jikoni, akasema, "Mwalimu, mnyang'anye na huyo basi!"

Jambo la kwanza nililofanya, kwa mazoea ya kazi, ni kumsahihisha. Kadi ni ya mwaliko wa harusi, ya kliniki na ya chama. Hii ni karata.

Mchezo wenyewe unaitwa Magic: The Gathering. Uliobuni ni Richard Garfield, mwanahisabati wa Kimarekani, nao ulitolewa mwaka 1993. Haufanani na karata zetu za kopa, uru, shupaza na pau. Karata zake ni maelfu kwa maelfu, kila moja ina picha, jina na kanuni yake, na kila mchezaji huja mezani na jozi aliyoichagua mwenyewe nyumbani. Masharti ni machache. Jozi isipungue karata 60. Karata yenye jina moja isizidi nakala 4, isipokuwa ardhi za msingi, ambazo ni za aina 5: tambarare, kisiwa, kinamasi, mlima na msitu. Ardhi ndizo zinazotoa nguvu ya kulipia karata nyingine. Kila mmoja huanza na uhai 20 na karata 7 mkononi, na kwa kawaida anayefikishwa sifuri ndiye aliyeshindwa.

Kijana akanipa rundo la karata zake za ziada, akaniambia nijichagulie. Nilichagua kama anavyochagua maneno mshairi chipukizi: kila lililong'aa nililitaka. Nikachukua majoka, malaika, majitu ya baharini, moja moja kila aina, hata nikafikisha karata 80. Tulicheza mara tano, nikashindwa mara tano. Katika mchezo mmoja nilishika majitu na majoka mkono mzima, bila ardhi hata moja ya kuyaleta mezani, nikauawa na viumbe vidogo vya bei rahisi huku nimekumbatia utajiri wangu. Akazitazama karata zangu kwa huruma, akasema, "Babu, hizi nzuri. Lakini hazifanyi kazi."

Sijawahi kusikia uhakiki mfupi kuliko huo, na nimesoma tahakiki nyingi.

Usiku ule nilichukua kalamu nikapiga hesabu. Ukiwa na nakala 4 za karata yako bora katika jozi ya 60, uwezekano wa kuiona walau moja katika karata 7 za mwanzo ni karibu asilimia 40. Ongeza jozi ifike 80, uwezekano huo hushuka hadi asilimia 31. Na ile karata uliyoweka nakala moja tu, kwa kuwa imekupendeza, katika jozi ya 60 haifiki hata asilimia 12. Maana yake ni kwamba karata ya 61, hata iwe nzuri namna gani, husimama mlangoni ikiizuia iliyo bora kuliko yenyewe. Ndiyo maana wachezaji wa mashindano, ambao sheria haiwakatazi kuzidisha, karibu wote husimama 60 kamili.

Hapa ndipo nilipoona tofauti na ushairi wetu, na tofauti hiyo imenisumbua kuliko mfanano. Mshororo wa mizani 16 una bawabu. Neno likizidi, sikio lenyewe hulitupa nje, au mshairi hukimbilia inkisari alifupishe. Jozi ya karata haina bawabu. Sharti lake linakataza uchache, halikatazi wingi, kwa hiyo nidhamu yote ni ya mtunzi. Nadhani anayetunga mashairi huru angemwelewa mchezaji huyu haraka kuliko sisi wa arudhi, ingawa si jambo ninalopenda kulikiri hadharani.

Mwalimu mwenzangu mstaafu, aliyetukuta barazani tumeinamia meza, alinichukulia kuwa nimerudi utotoni. Alisema mchezo huu ni wa kigeni, ni wa watoto, na kwamba anayekitumia Kiswahili kuueleza anamwaga maji mchangani. Nilimuuliza neno karata lilitoka wapi. Limetoka kwa Wareno, pamoja na kopa, uru, shupaza, pau na turufu. Wazee wa pwani waliketi na mchezo wa wageni, wakautwaa pamoja na majina yake, wakayapa majina hayo matamshi ya kwetu. Na leo hata wanasiasa ambao hawajui kuchanganya karata husema fulani ana turufu mkononi. Kama wazee wale wangeona haya kucheza kwa lugha yao, turufu tungeipata wapi? Mwenzangu alikunywa kahawa yake akaaga. Suala la fedha angelishika angenibana zaidi, maana karata hizi huuzwa katika pakiti zilizofungwa, mnunuzi asijue alichonunua, na jambo hilo mimi silipendi mpaka sasa.

Turudi kwenye kuchagua. Hakuna kisichovutia kama ardhi: haipigi, hairuki, haina hadithi. Lakini jozi huanzia hapo. Ukiweka ardhi 24 katika karata 60, karibu mkono mmoja wa mwanzo kati ya 7 utakuja na ardhi moja au bila hata moja. Ukiweka 20, ni mkono mmoja kati ya 4. Zikizidi nazo, utakuwa mwenye shamba lisilo na mbegu. Mchezaji mwenye mkono mbaya anaruhusiwa kuurudisha na kuchukua 7 nyingine, ila kila akirudisha hulazimika kuweka karata moja zaidi chini ya jozi yake, kwa hiyo rehema hiyo ina bei.

Baada ya ardhi hufuata ngazi ya gharama. Karata za kulipiwa nguvu 1 au 2 ziwe nyingi, za 3 zipungue, za 5 na 6 zihesabike kwa vidole, kwa sababu anayekaa zamu tatu bila la kufanya huwa ameshapigwa. Kuna kisa ninachokipenda kwa sababu za kiualimu. Mwaka 1996 huko Marekani, Paul Sligh aliingia mashindano ya kufuzu na jozi iliyobuniwa na Jay Schneider, iliyojaa viumbe wekundu ambao wachezaji wengi waliwadharau. Ila walipangwa kwa ngazi hiyo, kila zamu ikawa na mtu wake wa kutumwa, na Sligh akafika mbali hata jozi za aina ile zikaitwa kwa jina lake. Nimefundisha madarasa ya namna hiyo. Hayakuwa na mwanafunzi hata mmoja wa kusifiwa, nayo yalifaulu.

Mkakati nao si kushambulia tu. Mike Flores aliandika mwaka 1999 makala inayosomwa na wachezaji mpaka leo, akieleza kwamba jozi mbili zinapokutana, mmoja lazima awe mshambuliaji na mwingine mzuiaji, na anayejidhania kuwa yule asiye, hushindwa. Jozi ile ile yaweza kushambulia mbele ya huyu na kuzuia mbele ya yule. Aliyewahi kuingia malumbano ya ushairi analijua hili bila kufundishwa: kuna shairi la kufumba na kuna shairi la kufumbua, na mfumbuzi anayekazana kufumba humwachia mwenzake uwanja. Kwa ajili hiyo mchezaji hupewa karata za akiba 15, za kubadilishia kati ya mchezo na mchezo, maana kwa kawaida mshindi ni wa michezo miwili kati ya mitatu. Wengi hujua la kuingiza. Hawajajiuliza watatoa nini, na kila inayoingia inataka moja itoke.

Kuhusu wanaonakili jozi za mabingwa kutoka intanetini, karata kwa karata, sina ugomvi nao. Hata sisi tulianza kwa kughani tungo za wengine. Ninachomtaka mtu ajue ni kwa nini kila karata ipo pale.

Jozi ya mjukuu wangu ilikuwa nyekundu tupu, ardhi 20, zote milima. Ndani yake zilikuwamo nakala 4 za Lightning Bolt, tuliyoiita Radi, inayolipiwa nguvu 1 na kumwondolea mpinzani uhai 3. Hesabu yake ilikuwa safi: pigo la 3 likirudiwa mara 7, uhai 20 umekwisha. Kisha katikati ya karata hizo za haraka alikuwa na joka moja la gharama 6. Nikamwonyesha kwamba katika jozi yenye ardhi moja kwa kila karata 3, kwa wastani lazima uone karata 18 ndipo upate ardhi 6. Mchezo wenyewe utakuwa umekwisha zamani. Akakataa kulitoa. Nikamuuliza sababu, akanyamaza, kisha akasema, "Baba alininunulia. Ya kwanza."

Tulibishana juu ya joka lile siku mbili. Kwa utani wa babu na mjukuu nilimwambia, "Mume mwenzangu, Kiingereza chako mimi leo sikisikii," hivyo akalazimika kunijibu kwa lugha yangu. Akakosa maneno, tukayatafuta pamoja. Karata iliyotumika huenda makaburini. Mkono mbaya huombewa mkono mpya. Mwenye ardhi nyingi bila kitu kingine amefurika, na hilo alilitunga yeye. Kufikia siku ya pili alikuwa ananipa sentensi nzima, zenye "kwa sababu" na "ingawa", na bibi yake akaacha kukoroga chungu ili asikilize. Nilitoa hoja zangu zote za hesabu. Yeye alikuwa na moja tu, nayo haikuwa ya hesabu. Joka likabaki.

Alirudi kwao mwanzoni mwa Januari, na baada ya wiki chache akaingia mashindano katika duka moja la mtaani kwao. Ujumbe wake ulinifikia alfajiri, kwa sauti, na nimeusikiliza mara nyingi kuliko ninavyopaswa: "Babu, nimeshinda mara mbili, nimeshindwa mara mbili. Mara ya mwisho joka lilikaa mkononi mchezo mzima. Nilikuwa na ardhi nne tu. Nimelitoa."

Nilikuwa nimeshinda ubishi, na nilikaa kitandani nikisikitika. Nilitamani kumwambia alirudishe.

Sikumwambia. Nilimwomba aniandikie orodha ya jozi yake ilivyo sasa, karata zote 60, kwa Kiswahili. Ilifika juzi. Ina makosa matatu ya tahajia na milima 21.