Samaki Msafishaji Si Dawa

Mwandishi aliyetushauri tuweke samaki msafishaji katika kila tangi la maji ya chumvi, ati ndiye tiba ya ugonjwa wa vidoadoa vyeupe, ametuuzia mbuzi kwenye gunia. Kimelea cha ugonjwa huo hujichimbia ndani ya ngozi ya samaki, na mdomo wa msafishaji haukifikii. Anachokula hasa ni vidudu vidogo vya jamii ya kamba vinavyonyonya damu, pamoja na ute wa mteja wake, yaani samaki anayemsafisha, akiupata.

Sasa tuhesabu chakula. Huko Lizard Island, Australia, watafiti walikadiria kwamba msafishaji mmoja, Labroides dimidiatus, hula vidudu kama 1,200 kwa siku. Katika tangi la sebuleni lenye samaki watano, vitatoka wapi? Atawaandama wenzake kutwa, awadonoe ute hadi wamkimbie, kisha akonde. Wapo wanaozoea kula kamba waliosagwa, nakubali, lakini hao ni wa bahati. Ushauri haujengwi juu ya bahati.

Tena mwandishi hakugusa kabisa mwamba anakotolewa samaki huyu, ambaye yumo hata kwenye matumbawe ya pwani yetu. Ukimwondoa, wateja wake wa kila siku wanabaki na vinyonya damu vyao.

Anayetaka kutibu vidoadoa awahamishie samaki wote katika tangi la pembeni, atumie dawa ya shaba kwa kipimo, na tangi kuu likae bila samaki wiki 6 au zaidi. Msafishaji mwacheni baharini.