Harambee ya Ogembo na Tajiri wa Los Angeles



Mwezi uliopita sisi watu wa Ogembo tunaofanya kazi ya reli hapa Nairobi tuliitwa nyumbani kwa harambee. Tulisafiri usiku kwa matatu, kwa kuwa Kisii mpaka leo haina reli. Tulipofika tulikuta watu wamekwisha kaa: majirani, walimu, akina mama wa vikundi, na wazee waliokuja na sehemu ya bonasi yao ya majani chai.

Jambo lilikuwa moja. Binti mmoja wa pale, aliyemaliza chuo kikuu mwaka jana katika masomo ya uigizaji, amepata barua kutoka Los Angeles, Marekani. Iko ofisi ya wakala wa waigizaji watoto na vijana, nayo iko tayari kumpokea kwa miezi 6 ili ajifunze kazi. Barua ilisema mambo matatu. Mshahara hakuna. Nauli ni juu yake. Pa kulala atafute mwenyewe.

Baba yake alisimama akasema kwamba atauza ng'ombe wawili, na kwamba mdogo wake binti huyu, aliye kidato cha tatu, atangoja nyumbani muhula mmoja ikiwa fedha hazitatosha. Watu walipiga makofi. Sisi pia tulipiga makofi, lakini moyoni hatukutulia. Kwa hiyo twaandika maoni yetu katika gazeti hili, maana jambo hili si la Ogembo tu. Kesho litafika kwa mtoto wako.

Kwanza tuseme wazi kwamba kazi anayotaka kujifunza ni kazi nzuri, na hapa kwetu inahitajiwa. Wengine pale mkutanoni walidhani anakwenda kuwa nyota wa filamu. Sivyo. Wakala ni yule anayekaa katikati ya mwigizaji na tajiri wa filamu. Hutafuta kazi, hupeleka picha na majina ya watoto kwa wale wanaochagua waigizaji, hubishana juu ya malipo, husoma mapatano kabla mzazi hajatia sahihi, na huchukua fungu lake mtoto akilipwa. Huko Marekani desturi ni asilimia 10. Kwa maneno yetu, kazi yake haiko mbali na ya katibu wa tawi: anasimama kati ya mnyonge na mwenye fedha.

Watoto wetu wamekwisha anza kuitwa katika kazi hizo. Filamu ya The First Grader ya mwaka 2010 ilipigwa Kenya, na watoto wa shule wakacheza ndani yake. Mwaka 2016 ilitoka Queen of Katwe, na Madina Nalwanga, msichana wa Kampala, ndiye aliyekuwa mbele. Mwaka 2018 ilitoka Supa Modo, filamu ya Kenya yenyewe, na mtoto Stycie Waweru ndiye aliyeibeba. Kila mwaka shule zetu hushindana kwa michezo ya kuigiza, na vipaji viko tele. Lakini ni mzazi gani wa Ogembo ajuaye kusoma mapatano ya filamu? Sheria yetu ya Kazi ya mwaka 2007 yakataza kumwajiri mtoto aliye chini ya miaka 13, na wa miaka 13 hadi 16 yamruhusu kazi nyepesi tu. Hilo ni jema. Lakini haisemi neno juu ya mtoto wa filamu, fedha zake ziwekwe wapi na alindwe na nani.

California walijifunza hayo kwa uchungu. Mwaka 1921 mtoto Jackie Coogan alicheza na Charlie Chaplin katika filamu ya The Kid, akawa maarufu dunia nzima na kuchuma mamilioni ya dola. Alipokuwa mtu mzima aliulizia fedha zake, akakuta karibu zote zimetumiwa na mama yake na baba wa kambo. Alikwenda mahakamani mwaka 1938, na mwaka 1939 ikatungwa sheria iitwayo kwa jina lake. Siku hizi sheria hiyo yaamuru asilimia 15 ya malipo ya mtoto iwekwe akiba mpaka awe mtu mzima. Tena mtoto wa miaka 6 hadi 9, siku ya shule, hafanyi kazi zaidi ya saa 4, na saa 3 ni za masomo palepale kazini, mbele ya mwalimu. Wakala lazima awe na leseni ya Kamishna wa Kazi, na hana ruhusa kumtoza mwigizaji ada ya kumwandikisha. Binti yetu akiyajua hayo kwa kuyaona yakitendwa, atakuwa na faida kwa watoto wengi. Kwa hiyo hatusemi asiende.

Twasema hivi: kazi bila mshahara isiitwe masomo kwa kuwa tu imefanywa na kijana.

Wazee wetu wa reli wanatuambia jinsi dreva wa injini za moshi alivyopatikana. Kijana aliingia akaosha injini. Akapanda akawa fayamani, akakaa miaka ubavuni pa dreva akitazama mkono wake. Mwishowe akaendesha injini mwenyewe. Alikuwa mwanafunzi wakati huo wote, lakini siku ya mshahara alipanga foleni pamoja na wengine. Mshahara ulikuwa mdogo, na waliupigania, lakini hakuna aliyemwambia baba yake auze ng'ombe ili mwanawe apate kuosha injini ya kampuni.

Sasa tufanye hesabu. Mwaka 2024 kima cha chini cha mshahara katika California kilikuwa dola 16 kwa saa. Mtu akifanya saa 40 kwa juma, ni dola 640. Miezi 6 ni majuma 26, nayo ni dola 16,640. Binti huyu akipokea simu, akisoma michezo na kuandika ripoti, akipeleka picha za watoto na kupanga mapatano ofisini kutwa nzima, hiyo ndiyo thamani ya jasho lake kwa kipimo kile cha chini kabisa. Mama anayechuma majani chai Ogembo ndiye atakayemlisha mfanya kazi huyo, ili tajiri wa Los Angeles asimlipe. Harambee yetu itakuwa imemsaidia nani?

Wala si sisi tu tunaouliza. Mwaka 2011 vijana wawili waliofanya kazi bila mshahara katika filamu ya Black Swan walimshtaki mwenye filamu huko New York. Mwaka 2013 jaji alisema kwamba walikuwa wafanya kazi hasa na walistahili kulipwa. Mwaka 2015 mahakama ya rufani ilitangua hukumu hiyo, ikasema itazamwe kwanza ni nani afaidikaye zaidi, mwanafunzi au tajiri. Mwaka 2016 wakapatana. Basi hata mahakama yao imetuachia swali la kuuliza, na swali hilo twaweza kuliuliza Ogembo kwa lugha yoyote: nani anafaidika zaidi?

Yuko mzee mmoja aliyetukemea pale mkutanoni. Alisema, "Vijana wangu, nyinyi wa reli mmezoea kudai. Mtoto wa maskini akikaribishwa hulala hata mlangoni. Je, wale wa ndege ya Mboya walidai mshahara?"

Mzee huyo twamheshimu, na neno lake lina uzito. Lakini tukumbuke sawasawa. Mwaka 1959 Tom Mboya, aliyekuwa Katibu Mkuu wa Shirikisho la Wafanya Kazi la Kenya, alipeleka wanafunzi 81 Marekani. Jamaa zao walichanga nyumbani, ndiyo. Lakini nauli ya ndege ilichangwa na Wamarekani, na barua ya kuwaomba ilitiwa sahihi na watu watatu mashuhuri: Jackie Robinson mchezaji wa besiboli, Harry Belafonte mwimbaji, na Sidney Poitier mwigizaji. Siku hizo watu wa filamu walitoa fedha mfukoni ili Mwafrika akasome. Leo ofisi ya filamu yataka Mwafrika atoe fedha mfukoni ili akaifanyie kazi. Hayo mawili hayalingani.

Kwa hiyo twaonelea mambo manne yafanywe kabla ya ng'ombe kuuzwa.

La kwanza, viza iwe ya haki. Kijana aliyemaliza chuo karibuni aweza kuingia Marekani kujifunza kazi kwa viza ya J-1. Asidanganywe na mtu yeyote aende kwa viza ya utalii kisha akafanye kazi kwa kujificha. Atakayefanya hivyo ataogopa kulalamika akionewa.

La pili, mpango uwe katika maandishi. Viza hiyo ina fomu yake, DS-7002, ambayo mwenye ofisi lazima aijaze na kutia sahihi: kijana atafundishwa nini, na nani, kwa muda gani, na atalipwa kiasi gani. Kama ofisi yaona taabu kujaza karatasi hiyo, basi haikukusudia kufundisha.

La tatu, aombe malipo. Aombe kwa adabu, lakini aombe. Wakikataa mshahara kamili, watoe chumba na chakula. Mkono mtupu haulambwi, na binti yetu hakuumbwa tofauti na wengine.

La nne, na hili ni la binti mwenyewe: fedha za Ogembo ni deni, ingawa hakuna atakayemdai. Akirudi akae na wazazi na walimu, awasomee mapatano ya filamu neno kwa neno, awaambie habari za akiba ya mtoto na saa za kazi. Sisi nasi tuliosoma shule ya msingi ya misheni tu tutakuja kumsikiliza.

Tuliyasema hayo baada ya makofi, na wengine hawakufurahi. Lakini binti mwenyewe alitusikia. Jioni ile alikaa na walimu wawili akaandika barua kwa ile ofisi, akauliza juu ya fomu, malipo na chumba. Fedha zilizochangwa zimewekwa benki kwa majina ya watu watatu. Ng'ombe wangali zizini, na mdogo wake amerudi shuleni. Mpaka twaandika haya, jibu halijafika.

Labda watakubali. Labda watamchukua mwingine ambaye baba yake ana mali na hahitaji kuuliza, na hapo wako watakaosema kwamba sisi wa reli ndio tuliomnyima bahati. Twajua, na lawama hiyo tuko tayari kuibeba. Lakini kama mlango huo hauwezi kupitwa ila na mtoto wa tajiri, afadhali tujue sasa, ng'ombe wakiwa bado wetu.

Twaomba kila tawi lizungumze jambo hili katika mkutano ujao. Mwenye mtoto aliyepata barua ya namna hii aje nayo, tuisome pamoja kabla hajauza kitu. Kuuliza si ujinga.

Umoja ni nguvu.