Matete ya Lukuga si Kisima cha Esansi

Kila esansi inapopanda bei Kalemie, hakosekani mtu wa kuyaonyesha matete ya kando ya mto Lukuga na kuuliza kwa nini tusiyageuze mafuta. Malighafi ipo, kweli. Kazi ni kuipata sukari yake ili ichachushwe kuwa spiriti. Wanga wa muhogo hugeuzwa sukari na mahindi yaliyooteshwa tu. Wapishi wa lutuku, pombe kali ya kienyeji, wanalijua hilo. Sukari ya tete imefungwa ndani ya nyuzi ngumu, na kuifungua kunataka mvuke au tindikali, kisha vimeng'enya vya kuagiza mbali. Kampuni ya DuPont ilifungua kiwanda cha namna hiyo Iowa, Marekani, mwaka 2015, kikitumia mabua ya mahindi. 2017 ikaachana nacho. Na wao walikuwa na barabara, umeme na mikopo.

Mimi hunitisha zaidi hesabu ya kuni. Mtazame mama anayepika lutuku: pipa juu ya mafiga, bomba linalopita kwenye maji baridi, matone yakidondoka chupani, na pembeni lundo la magogo. Wenye kuisifu spiriti ya matete hawalitaji lundo hilo. Majani yaliyochachushwa hutoa pombe ya asilimia 4 au 5 hivi, karibu nusu ya ile ya molasi. Mengine yote ni maji, nayo lazima yapashwe moto. Baada ya jasho hilo, lita moja ya spiriti ina thuluthi mbili tu za nguvu ya lita ya esansi. Katika mji unaopikia makala, moto huo utatoka msitu gani?

Tena matete si mali isiyo na mwenyewe. Watu huezekea, hujengea ua, na samaki wadogo hujificha humo.

Na tukitaka kuyatumia kwa moto, jani kavu tayari ni kuni. Likichomwa kwa hewa haba, likachanganywa na uji wa muhogo na kushindiliwa, linakuwa makala. Majivu yake ni mengi, na anayesonga bukari atalalamika, kwa haki.

Anayeng'ang'ania spiriti aanzie Kiliba, karibu na Uvira, kwenye miwa na kiwanda cha sukari kilichojengwa enzi za Wabelgiji. Kikisaga, molasi ipo. Muhoroni nchini Kenya wanaitumia kutengeneza spiriti. Na spiriti hiyo iende jikoni kabla ya kwenda kwenye pikipiki: jiko la spiriti huvumilia maji kidogo, lakini spiriti ya kuchanganywa na esansi lazima ikaushwe kabisa, kazi ambayo pipa na bomba haviiwezi.