Mandolini ya Umeme: Je, Umehesabu Jasho Lako?

Huenda nawe ni miongoni mwa wale ambao, baada ya kazi ya mchana kiwandani au ofisini, hukaa uani wakichonga mbao. Jirani yangu mmoja ni mtu wa namna hiyo. Huunda mandolini za umeme, na mwezi uliopita aliiuza ya kwanza kwa shilingi 110,000. Alirejea nyumbani akichekelea. Mkewe, ambaye huandika matumizi yote ya nyumba, alifungua daftari: mbao ya mninga, nyuzi, vigingi na vifaa vya umeme, 90,000, gundi, msasa, vanishi, risasi ya kulehemu na nauli, 35,000. Kumbe furaha ile ilikuwa hasara ya shilingi 15,000, nazo zilitoka katika fedha za unga.

Aidha, hesabu hiyo haijagusa jasho. Tuseme kazi yahitaji saa 40, na kila saa ina thamani ya shilingi 2,500. Hizo ni 100,000 nyingine. Ongeza 15,000 kwa kuchakaa kwa zana, na bei ya haki ni 240,000.

Lakini haki ina pande mbili. Jirani yangu alitumia saa 90, kwa kuwa aliharibu shingo ya kwanza akaanza upya. Saa 50 za ziada ni karo ya shule yake mwenyewe. Mnunuzi hadaiwi hizo.

Mnunuzi hulipia sauti. Sehemu ya uzi inayolia katika mandolini ina urefu wa kama sentimeta 35 tu, ilhali ya gitaa hukaribia 65. Kwa hiyo kosa la milimeta moja husikika upesi zaidi. Jipime kabla hujapimwa: uzi ukibanwa kwenye kituo cha 12, ambacho ni nusu ya urefu wake, sharti utoe sauti ile ile ya uzi ulio huru, ila juu zaidi kwa oktava moja. Kisha iunganishe na amplifaya. Ikivuma mno kabla nyuzi hazijaguswa, rudi kwenye waya zako, usiende sokoni.

Wala usimwinde mnunuzi asiyejua. Ipeleke kwa mpigaji wa taarabu au wa bendi, mwachie aipige jioni nzima, usikilize kasoro atakazozitaja. Akiagiza nyingine, pokea arubuni ya nusu bei kabla hujanunua mbao.

Na ikiwa hapana atakayelipa 240,000? Punguza saa: tengeneza violezo, uchonge mbili kwa pamoja. Ama sivyo, iite burudani, uitengee fungu ambalo mama watoto analifahamu. Burudani si aibu. Aibu ni burudani inayokula chakula cha watoto huku ikijiita biashara.

Mali bila daftari hupotea bila habari. Lifungueni pamoja.